Kikohozi cha Dharura

Ipo nchi moja, na msianze kuangaliana, hamuijui. Jina lake sitalitaja, maana sheria ya huko inasema nchi haitajwi kabla ya kutaja vyeo vya wakubwa wake wote, na mimi nina maharage jikoni. Niseme tu kwamba ni nchi nzuri. Ina mito, ina bendera, na ina mawaziri wengi kuliko madaraja.

Katika nchi hiyo kuna bwawa linaitwa Bwawa la Heshima. Chini yake unapita mto Lukwale, na kando ya mto, penye udongo mweusi ambao hata njiti ya kiberiti ukiidondosha inachipua, ndipo kilipo kitongoji cha Bondeni. Bwawa likijaa, wakubwa wa bwawa wanafungua mageti. Maji yanashuka, Bondeni inakuwa mto. Yakishapita inakuwa Bondeni tena, ila watu wamepungua.

Mimi nyumba yangu iko juu, kwenye mwinuko, jirani na shule. Chini yangu, mahali pa kuita na kuitikiwa, alikuwa anakaa wifi yangu Sikudhani, dada wa marehemu mume wangu. Sikudhani alikuwa na mguu wa tende. Mguu mmoja mwembamba kama wa kila mtu, wa pili umevimba kama kinu, ngozi imekakamaa na kufanya mikunjo. Kila asubuhi aliuosha kwa sabuni ya kipande na maji ya uvuguvugu, akaukausha mpaka katikati ya vidole kwa kitambaa cheupe, halafu akaupaka dawa ya zahanati. Akikosa dawa, mikunjo ile inapasuka na kutoa maji yenye harufu. Ninawaeleza haya si kwa kumwaibisha. Ninawaeleza ili mjue kwamba mtu wa kawaida anapanda kutoka kwake mpaka kwangu akitafuna muwa, na hajaumaliza anakuwa ameshafika. Sikudhani alipanda, akapumzika penye mfenesi, akapanda, akapumzika kwa jirani yetu Mama Chausiku, akapanda tena akinilaani mimi niliyejenga mbinguni. Kwa hiyo alikuwa na haja moja kubwa kuliko zote: kuambiwa mapema.

Na tulikuwa tunaambiwa. Kwenye daraja, juu ya kitongoji, lilining'inia rimu la lori pamoja na chuma cha kugongea. Yeyote aliyeona mto umebadilika rangi, awe anatoka shamba au anatoka kilabuni, aligonga. Rimu halikuwa na salamu. Likianza kulia, Sikudhani anashika fimbo. Likinyamaza, yuko uani kwangu, anaomba maji ya kunywa na kuniuliza kwa nini sijafagia.

Basi tuliishi hivyo. Halafu Serikali ikatuonea huruma.

*

Alikuja Waziri wa Habari za Ghafla mwenyewe, Mheshimiwa Balozi Dakta Injinia Mbambalaswa. Ni Balozi kwa sababu aliwahi kulala hoteli ya nje. Ni Injinia kwa sababu alikata utepe wa choo cha soko. Udakta alipewa na chuo ambacho yeye ndiye mlezi wake, na nasikia alilia kwa mshangao.

Alikuja na mashangingi mengi yakivuta vumbi, tukamkalia juani. Alipanda jukwaani, akaanza kuwasalimia viongozi kwa vyeo. Alimsalimia Mkuu wa Nchi, ambaye hakuwepo. Akamsalimia mke wake, ambaye pia hakuwepo. Akasalimia mawaziri, ambao hawakuwepo, naibu mawaziri, makatibu wakuu, wakuu wa vyombo, wakuu waliostaafu na wale waliokaribia kustaafu. Kivuli cha jukwaa kilitukuta tumekaa hapa, kikatupita, kikaenda kukaa kwa wengine.

Zamani, msije mkadhani sijui, wakubwa walikuwa wanafupisha. Walisema "itifaki imezingatiwa", mambo yakaenda. Lakini siku moja Naibu Waziri wa Mifugo alinuna. Alisema amekaa katika hadhara, amevaa suti, na hakusikia akitajwa, amesikia akizingatiwa tu, kama mbuzi. Aliyefupisha siku hiyo alihamishiwa kisiwa kisicho na watu, awe afisa uhusiano. Tangu hapo hakuna anayefupisha.

"Ndugu zangu wa Bondeni!" Waziri hatimaye alitufikia sisi. "Dunia imetoka kwenye chuma, imeingia kiganjani! Kuanzia leo, hatari haitathubutu kufika hapa kabla ya kupiga hodi kwenye simu zenu! Tutawashtua! Tutawashtua mchana, tutawashtua jioni, tutawashtua mpaka mshtuke!"

Tukapiga makofi. Halafu akalinyooshea kidole rimu letu pale darajani.

"Na lile nini?"

Mwenyekiti wetu wa kitongoji, Bwana Ndimbo, akasimama akikunja kofia. "Mheshimiwa, lile ni rimu la lori."

"Linatoa taarifa?"

"Linatoa, Mheshimiwa."

"Limesajiliwa?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ni rimu."

"Linatoa taarifa kwa idhini ya nani?"

Bwana Ndimbo akaangalia juu, akaangalia chini. "Kwa idhini ya maji, Mheshimiwa."

Watu tukacheka. Waziri hakucheka. Rimu likashushwa, likafungwa juu ya shangingi kama mhalifu, likapelekwa makao makuu. Waliokwenda huko wanasema limewekwa kwenye ukumbi wa Wizara, ndani ya sanduku la kioo, na mbele yake kuna kibao: Chombo cha Zama za Ujinga.

*

Simu tulipewa bure, za kioo, kila kaya moja. Mwenye kuziwekea mtambo wa taarifa alikuwa Bwana Lumuli, Afisa Ushtuaji wa Wilaya. Huyu alikuwa ametoka kula mbuzi nyumbani kwa mwenyekiti na hakunawa. Alishika simu moja moja kwa vidole vile vile, akisugua kioo kwa kidole gumba, na kila simu ikarudi kwa mwenyewe ikiwa na alama ya mafuta yaliyoganda, na ya wifi yangu ilikuwa na kauzi kamoja ka nyama. Sikudhani aliifuta kwa kile kitambaa chake cheupe, akakitazama, akakitupa.

Kwenye kioo palitokea swali: Je, unairuhusu Serikali ikushtue? Chini yake kulikuwa na sehemu mbili za kubonyeza. Moja imeandikwa Ruhusu, nyingine Ruhusu Sana.

"Samahani, baba," Sikudhani akauliza, "na asiyetaka abonyeze wapi?"

"Asiyetaka nini, mama?"

"Kushtuliwa."

Bwana Lumuli akamwangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mgonjwa. "Abonyeze Ruhusu. Ile ni ya wasiotaka."

Sikudhani akabonyeza Ruhusu Sana. Kwa mguu wake ule, alitaka kushtuliwa kuliko mtu yeyote.

Halafu wakajaribu mlio. Bwana Lumuli akasema tunyamaze, akagusa simu yake, na simu zetu zote Bondeni zikakohoa.

Sijui nielezeje, na kama mnakula, acheni kidogo. Kilianza kikohozi kikavu. Kikashuka chini, kikakuta kitu kule ndani, kikakikwangua. Kile kitu kikaanza kupanda, unakisikia kinapanda, kizito, kinavutika, kikafika kooni, kikakaa. Sote tulikuwa tumekunja nyuso tunasubiri kitemwe. Hakikutemwa. Kikamezwa.

"Wifi," Sikudhani akaninong'oneza. "Amemeza."

"Nimesikia."

"Sasa mimi nitakunywaje uji na hiki kitu kando?"

Bwana Lumuli alikuwa anatabasamu kama aliyezaa mapacha. Akatueleza kwamba ile ni sauti ya Mkuu wa Nchi mwenyewe, iliyorekodiwa akiwa na mafua aliyoyapata kazini. Kamati ilisafiri nchi za watu kutafuta mlio wa kushtua. Ikasikiliza ving'ora, kengele na filimbi, ikala posho, ikarudi. Ndipo mjumbe mmoja akakumbuka kwamba Mkuu akikohoa, baraza zima la mawaziri linaacha kusinzia. Sauti gani nyingine duniani ina nguvu hiyo?

Tukapiga makofi tena. Mama Chausiku alikwenda kutapika nyuma ya jukwaa. Ikaripotiwa kwamba ni furaha.

*

Basi tukaanza kushtuliwa.

Simu ilikohoa kutuarifu kwamba Waziri amewasili salama mjini. Ilikohoa kutuarifu kwamba shemeji yake Waziri amefungua duka la vigae. Ilikohoa kwa siku ya kuzaliwa ya Katibu Mkuu, na kwa siku ya kuzaliwa ya mama yake Katibu Mkuu, ambaye ni marehemu. Unapepeta mchele, inakohoa. Uko chooni, inakohoa. Siku ya Ijumaa msikitini zilikohoa kwa pamoja, zikameza kwa pamoja, imamu akasahau aya.

Na si kwamba unaweza kuangalia juu juu ukaendelea na shughuli zako. Kila taarifa inaanza na salamu za viongozi, wote, kwa vyeo. Maneno yanapanda kwenye kioo polepole, kwa mwendo wa msafara, na ukiyasukuma kwa kidole ili yaende upesi, unaandikiwa kosa la kuruka viongozi. Mwisho kabisa, baada ya mkuu wa mwisho wa kitengo cha mwisho, ndipo linakuja lile jambo la dharura, sentensi moja. Chini yake unabonyeza Nimepokea kwa Furaha. Usipobonyeza, simu inajifunga, na ikijifunga, hakuna huduma ya Serikali utakayopata. Hata zahanati, nesi anaangalia simu kwanza, ulimi baadaye.

Wifi yangu alilijua hilo kwa mguu wake.

Ilikuja taarifa ya dharura kwamba Mheshimiwa Waziri ameng'olewa gego. Waliambatanisha na picha. Gego lenyewe limewekwa kwenye kisahani cha chai, mizizi yake yote, damu imeganda pembeni, na kwenye tundu lililooza kuna kipande cha nyama kilichokaa siku nyingi mpaka kimegeuka kijani. Sikudhani alikuwa ndiyo kwanza anamega kitumbua. Akasema, "Ptuu! Shetani we!" akaizima simu.

Ikajifunga.

Alipokwenda kuchukua dawa, nesi akamwambia, "Bibi, hapa inaonekana hujapokea jino."

"Jino gani, mwanangu?"

"La Mheshimiwa."

"Mimi nimekuja kwa ajili ya mguu."

"Mguu wako unaonekana, bibi. Jino ndilo halionekani."

Akarudi mikono mitupu. Tulipika majani ya mwarobaini tukamwosha, lakini mguu ukaanza kufunguka. Ile mikunjo ikachanika, ikatoa maji ya njano, na nzi wakajua nyumba. Mimi nilikuwa nakaa naye namfukuzia nzi kwa upande wa kanga, na simu yake imekaa pale kwenye stuli, imefungwa, inakohoa tu. Yaani kujifunga kote huko haikujifunga kukohoa.

Mwisho nikamkodia bodaboda mpaka ofisi ya Bwana Lumuli, akaombe radhi. Nilikwenda naye, mimi na dereva tukambana katikati. Bwana Lumuli alikuwa anachokonoa meno kwa kona ya kitambulisho chake. Akamtaka Sikudhani asome taarifa ya jino kwa sauti, tangu mwanzo, akiwa amesimama. Sikudhani akasimama kwa mguu ule unaovuja kwenye sakafu ya Serikali, akasoma. Alisoma vizuri, yeye kusoma alikuwa ananizidi. Alipofika kwenye gego, sauti yake ilikatika kidogo, akameza mate, akaendelea.

"Umeona?" Bwana Lumuli akamwambia. "Kumbe unaweza." Akamfungulia simu.

Tuko njiani kurudi nikamwambia, "Wifi, hawa watu wachafu."

Akasema, "Wachafu. Lakini sitaruka tena hata mmoja. Sasa hivi asomaye si mimi, ni mguu."

*

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi nzuri ya jua. Kwetu hakukuwa na wingu. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, kwa wenye bwawa. Mimi nilikuwa uani nachagua mawe kwenye maharage. Sikudhani alikuwa mlangoni kwake chini, amemaliza kuosha mguu, ameunyoosha juani. Fimbo yake imeegemea ukuta. Nilimwona vizuri.

Simu zikakohoa. Zikameza.

Sikushtuka. Asubuhi ile ile tulikuwa tumeshashtuliwa kwa habari za uzinduzi wa kalenda ya Wizara. Nikafuta mikono kwenye kanga, nikaichukua. Imeandikwa TAARIFA YA DHARURA SANA. Halafu: Mheshimiwa Mkuu wa Nchi, Mlezi wa Mito na Vijito. Mheshimiwa Mke wa Mkuu wa Nchi, Mama wa Vijito. Waheshimiwa Wakuu wa Nchi Wastaafu, walio hai na walio katika mapumziko marefu.

"Wifiii!" nikaita. "Umepata?"

"Nimepata! Ya nini tena hii?"

"Sijui, mimi bado niko kwa wastaafu!"

"Mimi nimeshaingia kwa mawaziri!" Akacheka. "Wewe wifi, shule ulikwenda kufuata uji!"

Nikacheka na mimi. Tulikuwa tunashindana hivyo mara nyingi, nani atawamaliza kwanza, ilikuwa ndiyo starehe yetu katika uchafu ule. Maneno yakawa yanapanda polepole. Waziri wa hili, Waziri wa lile. Waziri Asiye na Wizara Maalumu. Waziri Asiye na Wizara Yoyote.

Ndipo nikaona wana wa Mama Mbwiga, wale walevi wawili wanaokaa chini kabisa ya kitongoji, wanapanda mbio na godoro kichwani. Simu yao ilikuwa haina chaji tangu wiki iliyopita. Kwa kuwa hawakuwa na cha kusoma, walikuwa wameangalia mto.

Nikaangalia na mimi. Kule kwenye kona, juu ya daraja, Lukwale ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa, na mbele yake unasukuma povu na magogo na banda zima la kuku.

"Wifi! Maji! Panda!"

"Ngoja!" Hakuinua macho. "Nimefika kwa Naibu Waziri wa Mifugo!"

"Achana naye, panda!"

"Nikimruka watanifungia!"

"Sikudhani! Maji!"

"Na dawa nitapata wapi, wifi? Ngoja, wamebaki makatibu!"

Nilitupa maharage, nikashuka. Mimi si wa kukimbia kwa umri huu, lakini nilishuka. Nikampita Mama Chausiku anapanda na mjukuu mgongoni, simu iko mkononi, midomo inacheza, anasoma huku anakimbia. Nilipofika penye mfenesi, kati yangu na nyumba ya Sikudhani palikuwa tayari ni maji, yanapita na kelele kama lori la kokoto. Sikudhani amesimama mlangoni, maji yako magotini, kanga imeshikana na mguu ule mkubwa. Simu ameinua juu isilowane.

Nikamwona anabonyeza. Halafu akainua uso, akanitafuta kwa macho, akaniona. Akapiga kelele kwa sauti ya mtu aliyeelewa.

"Wifi! Wamesema tuhame!"

*

Tulimpata kesho yake kwenye mashamba ya mpunga, amelala upande, matope yamemjaza masikio. Tulimwosha sisi wenyewe wanawake. Mguu nikauosha mimi, mpaka katikati ya vidole, nikaukausha.

Wale wana wa Mama Mbwiga walioshuhudiwa wakikimbia na godoro waliitwa wilayani, wakapewa onyo kwa kuhama bila kupokea taarifa.

Siku ya matanga Waziri alikuja. Tulitaka kukaa juu kwangu penye kivuli, lakini wapiga picha walitaka tope, kwa hiyo msiba ukashushwa Bondeni, kwenye uwanja palipokuwa na nyumba ya marehemu. Pilau lilipikwa na sisi, kwenye sufuria kubwa la shule. Waziri alikula. Mimi nilikaa karibu naye, sikutaka kumwangalia lakini macho hayafundishiki. Mafuta yalikuwa yanamtiririka kwenye kidevu, yanaingia kwenye mkunjo wa shingo, na katika lile pengo la gego, kila akifungua mdomo, unaona wali wa nani umekwama. Alifuta mikono yake kwenye kitambaa cha jukwaa. Ilikuwa bendera.

Halafu akasimama. Akawasalimia viongozi wote kwa vyeo. Akafika kwa marehemu jua likiwa limepinda.

"Ndugu wananchi, mama huyu ni shujaa! Mtambo wetu unaonyesha kwamba katika Bondeni nzima, ni yeye peke yake aliyesoma taarifa yote, bila kuruka kiongozi, na akabonyeza Nimepokea kwa Furaha! Peke yake! Kwa hiyo naomba waache kupotosha wale wanaosema mtambo umeshindwa. Taarifa ilimfikia! Maji nayo yalimfikia! Hakuna kilichochelewa!"

Wapambe wakapiga makofi. Akatoa cheti cha Mpokeaji Bora wa Taifa, kimewekwa fremu, akatafuta wa kumpa, akanipa mimi. Kikawa na alama ya mafuta.

Pale pale simu zikakohoa, zetu sote, na yake pia. Hata ndani ya tope, mahali fulani chini ya miguu yetu, tukasikia kikohozi kimoja cha chini chini, kikapanda, kikamezwa. Simu ya wifi yangu haikuwa imeonekana mpaka siku hiyo. Watu wakaangalia tope, wakasogea.

Ilikuwa taarifa ya rambirambi. Inaanza na Mheshimiwa Mkuu wa Nchi, Mlezi wa Mito na Vijito. Nilijua mwisho wake utakuwa wapi, maana chini ilikuwa imeshajitokeza sehemu ya kubonyeza: Nimefarijika.

Sikubonyeza. Niliiweka simu chini ya jamvi, nikainuka, nikapanda mpaka jikoni kwangu. Lile sufuria kubwa lilikuwa limebaki na ukoko. Nikalilaza ubavu, nikachukua upawa wa chuma, nikaanza kukwangua.

Mnajua sufuria tupu la shule linavyolia. Nilipiga mara ya kwanza kwa ukoko. Mara ya pili, niseme kweli, nilipiga kwa Sikudhani. Watu wa Bondeni wakainua vichwa kutoka kwenye simu. Halafu Mama Chausiku akambeba mjukuu, akaanza kupanda. Bwana Ndimbo akavaa kofia, akapanda. Wote, wazee kwa watoto, bila kusukumana wala kuuliza, wakapanda mwinuko wakamwacha Waziri na kipaza sauti chake katikati ya sentensi.

Waziri na wapambe hawakukimbia. Wangejuaje? Walishika kila mmoja simu yake, wamesimama kwenye tope, wamekodoa macho kwenye kioo, wanasubiri kuambiwa kama kuna hatari. Makao makuu nao, kuona Waziri anasubiri, wakatuma taarifa ya kuwafahamisha kwamba hakuna taarifa. Ikaanza na salamu. Walikuwa hawawezi kuruka, maana kila mmoja angejiruka mwenyewe au bosi wake. Sisi tulikaa juu kwangu tukiwaangalia. Nzi walishuka kwenye sahani zao, wakahamia kwenye vidole, wakahamia midomoni, na hakuna aliyeinua mkono kuwafukuza.

Bwana Lumuli ndiye aliyemaliza kwanza. Akapanda, anahema.

"Bibi, umepiga sufuria."

"Nakwangua ukoko, baba. Wewe huupendi?"

"Hiyo ni taarifa isiyosajiliwa!"

"Huo ni wali," nikamwambia, nikamkatia kipande. Akala.

Jioni tulilisafisha lile sufuria vizuri kwa majivu na mchanga, tukalipeleka darajani, tukalitundika pale pale rimu lilipokuwa, na upawa wake pembeni kwa kamba. Mvua zilizofuata mageti yalifunguliwa tena. Mtu mmoja alikuwa anapita, sijui anatoka shamba au kilabuni, akaligonga. Simu zilipokuwa bado ziko kwa Mama wa Vijito, Bondeni nzima iko uani kwangu inakunywa chai na kunisema kwamba sijafagia.

Yangu mimi ilijifunga tangu msiba, na haijafunguka. Nikiumwa natumia mwarobaini.

Bwana Lumuli hupita darajani kila mara na pikipiki ya Serikali. Anasimama, anaangalia juu, anakuja mpaka kwangu.

"Bibi, lile sufuria mmelitundika la nini pale?"

"Tunalikausha, mwanangu."

"Mpaka leo halijakauka?"

"Bado," namwambia. "Lilipikia msiba."